Dubu Tulimwacha Alale

Haijanitoka mpaka leo, mwanangu, siku niliyompeleka mama yangu kumtazama dubu. Ilikuwa Houston, miaka ya tisini inaelekea mwisho, na mimi bado nina nguvu na ulimi mkali. Nguvu zimeniishia, ulimi, watoto wangu wanasema, bado upo.

Nilikuwa msaidizi wa watunza wanyama kwenye bustani moja ya wanyama. Nilifagia, nilibeba chakula, nilitandika nyasi kavu kwa dubu wawili. Mmoja alikuwa kijana, hatulii, mara juu ya gogo, mara majini. Mwenzake alikuwa bibi kizee. Akitaka kusimama huanza na miguu ya mbele, anapumua kwanza, ndipo ya nyuma inafuata. Mchana kutwa alilala vipande vipande. Mkuu wetu alinieleza kwamba dubu akizeeka hutembea kidogo na kupumzika sana, wala si uvivu. Basi tukamtandikia nyasi nene, chakula tukakiweka chini asihangaike kupanda, na wageni waliogonga kioo ili ainuke niliwafokea mimi mwenyewe. Nilikuwa na huruma sana, kazini.

Nyumbani, mtaa wa Sharpstown, nilikuwa nimemleta mama kutoka Mombasa anilelee binti yangu mdogo, maana mume wangu aliendesha teksi na mimi nilitoka asubuhi. Mama aliamka kabla ya alfajiri, akasali, akaosha vyombo polepole asituamshe. Ikifika adhuhuri macho yanamshinda. Siku moja alisinzia kwenye kochi, mtoto akafungua mlango, jirani yetu Mkongomani akamkuta peke yake kwenye ngazi. Niliogopa, na hofu nikaigeuza hasira. Nikamwambia mama kwamba Marekani hakuna kulala mchana. Tangu hapo kila siku wakati wa mapumziko nikawa napiga simu nyumbani, nisikilize sauti yake kama ni ya mtu aliye macho.

Baadaye jirani aliniambia mama amehama kochi. Sasa alikaa kwenye kiti cha mbao cha jikoni, mgongo wima, ili usingizi usimchukue. Jirani akasema pia yuko tayari kumchukua mtoto mchana, akae na watoto wake. Nilimshukuru, nikakataa. Nilikuwa na kiburi cha kijinga.

Jumapili moja nikampeleka mama aone ninapofanya kazi. Dubu mzee alikuwa amelala, pua ndani ya nyasi. Mtoto mmoja akainua mkono agonge kioo, nikamzuia: "No, baby, let her sleep. She's old." Mama hakujua Kiingereza kingi, lakini hilo alilielewa.

"Huyu mwamwacha alale?" akaniuliza.

"Ee, mama. Ni mzee, ana-need kupumzika."

Akamtazama dubu, kisha mimi. "Na mimi, mwanangu, waniamsha."

Hakusema kwa hasira. Nikacheka, eti ni utani, naye akacheka kunisitiri. Laiti ningelia. Jumatatu nikapiga simu kama kawaida.

Kabla ya mwaka kwisha akaomba kurudi kwao. Kwenye uwanja wa ndege alisinzia kwenye benchi, kichwa begani mwangu, nami sikutikisika mpaka abiria walipoitwa. Ndiyo mara pekee niliyomwacha alale. Alifariki Mombasa kabla sijaenda kumwomba radhi, na hilo linaniuma hadi leo.

Mwanangu, ukimleta mzee wako ughaibuni, usimlete kama mfanyakazi. Mtoto mtafutie mlezi mwenye nguvu. Mzee mpe kitanda chake na mchana wake. Ukimkuta amesinzia, vua viatu, pita. Huruma unayoitoa kazini, ianzie nyumbani kwako.

Siku hizi nami macho yananishinda adhuhuri. Binti yule aliyekutwa kwenye ngazi huja, ananifungia pazia. Mola akupe umri mpaka uchoke, mwanangu, na siku hiyo akupe mtu wa kukufungia pazia.