Siku Nilipoacha Kumwaga Chapati Kwenye Beseni

Tak! Hiyo ndiyo sauti iliyobaki masikioni mwangu hadi leo, chapati ikianguka juu ya dawati mbele ya wazazi wote, tak, kama mtu amegonga mlango wa mabati na funguo, na siongezi chumvi, mbwa aliyekuwa amelala nje aliinuka akabweka. Naona haya kuieleza, lakini nyinyi ni watu wangu, na afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjafikiwa na ile ya watu wa Silanga, kwa sababu huko kwao imeshakuwa ndefu na ndani yake mimi nalia (sikulia, nilitokwa tu na machozi kidogo).

Wakati huo nilikuwa msaidizi katika kashule kadogo ka mabati huko Silanga, Kibera. Mimi naishi Gatina, Kawangware, na naenda kwa miguu kila asubuhi, ndiyo maana viatu vyangu haviishi kucheka. Msaidizi maana yake unachemsha uji, unafuta watoto makamasi, na mwalimu wa gredi ya tatu akiolewa akaenda zake, unashikilia darasa kwa muda. Nilimaliza form four na alama ambazo mama alisema tusiwaambie majirani, lakini tangu utotoni ndoto yangu ilikuwa moja tu, kuitwa ticha, ticha kamili mwenye darasa lake, na nilipopewa hao watoto niliwapenda mpaka nikawa naota nawaita majina.

Basi Madam, mwalimu wetu mkuu, akaniita akaniambia bila kuzunguka, "Naliaka, siku ya wazazi utafundisha kizungu mbele yao. Wakikukubali, gredi ya tatu ni yako. Wakikukataa natafuta mtu wa chuo, na wewe unarudi kwa uji."

Na wazazi ukisema wakukubali, umesema Mama Mercy. Yeye ndiye mwenyekiti wao, mama mkubwa wa umbo, wa sauti na wa neno, mwenye kibanda cha chapati na maharagwe (sisi tunaita chapo madondo) karibu na wauza makaa. Binti yake, Mercy, alikuwa katika darasa langu, na muhula mzima hakuwahi kufungua mdomo wakati wa kizungu. Ukimwuliza kitu anaangalia viatu vyake mpaka unamhurumia, unauliza mwingine.

Somo lenyewe lilikuwa la kulinganisha, vile kwa kizungu unasema kitu ni kirefu, hiki ni kirefu kuliko hicho, na kile kinavishinda vyote. Watoto walikuwa wanalijua vizuri kwa sababu niliwafundisha wakisimama wenyewe mstari mmoja, tall, taller, the tallest, na walipenda sana kunyoosheana vidole. Nilikuwa nimechora na chati, mbuzi, ng'ombe na ndovu, nikaipaka rangi (ndovu alitoka kama mtungi wa maji, lakini alikuwa na mkonga).

Sasa, pale shuleni kuna desturi moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Siku ya wazazi kila mama analeta sahani ya chapati imefunikwa na kitambaa, na zikifika zote zinamwagwa kwenye beseni moja kubwa, zinachanganywa, ndiyo mtu anapokula asijue anakula ya nani na pasiwe na maneno. Kazi ya kumwaga ilikuwa yangu. Nikamwaga, nikamwaga, harufu ikanipanda kichwani, nikaangalia chati yangu na yule ndovu mtungi, nikajiambia, Naliaka, watoto watachangamkia nini zaidi, mchoro ama chapo? Nikaacha sahani tatu bila kumwaga. Mngekuwepo mngenishika mkono.

Sahani ya kwanza ilikuwa ya Mama Mercy. Ya pili ilikuwa ya Mama Hawa, mama Mnubi mwenye ploti ambayo shule imepanga, ambaye chapati zake zinakunjuka tabaka kwa tabaka hata kabla hujazigusa. Ya tatu ilikuwa yangu mwenyewe, nimeipika alfajiri Gatina, ina umbo la kaunti ya Turkana na katikati haijaiva vizuri.

Nikaanza. Watoto wakaonja, mmoja wao, Faiza, akasimama akasema kwa sauti, "Ticha's chapati is soft. Mama Hawa's chapati is softer." Wazazi wakapiga makofi! Kizungu safi, hakuna neno limepotea, Mama Hawa anajitengeneza mtandio, Madam anatingisha kichwa kuonyesha vizuri, na mimi kichwa kikafura kama mandazi kwenye mafuta. Ningekaa chini hapo. Badala yake nikasema, sasa tujaribu "hard", yaani ngumu, nani ataniambia kuhusu hard?

Jamani, mkono uliopanda ulikuwa wa Mercy. Mercy! Moyo wangu uliruka kwa furaha hivi kwamba sikufikiri kabisa, nikamwambia njoo mbele mpenzi wangu, sema. Akachukua kipande cha chapati kwenye sahani ya mama yake, akakiachilia juu ya dawati ili watu wasikie ushahidi, tak!, akasema bila kutetemeka, "My mother's chapati is the hardest."

Baba Faiza, ambaye anauza makaa, akapiga kelele kutoka nyuma, "Hiyo kizungu hata mimi nimeelewa!" Watu wakavunjika mbavu. Nikataka kuokoa mambo haraka, nitafute neno zuri la kumsifu Mama Mercy, na kweli chapati zake ndizo zilikuwa kubwa kuliko zote, kwa hivyo nikauliza darasa kwa tabasamu kubwa, na big je, nani atasema big? Na watoto wangu, ambao nilikuwa nimewazoesha kulinganisha watu wakiwa wamesimama, wote wakanyoosha vidole kwa pamoja wakaimba, "Mama Mercy is the biggest!"

Mama Mercy akasimama. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kwa hivyo alipoinuka ule upande mwingine ukashuka, na mchungaji wa kanisa, mgeni wetu wa siku hiyo, pamoja na soda yake wakateremka polepole mpaka chini. Hakuna aliyecheka tena. Mama Mercy akafunga leso yake, akatoka nje.

Madam akanisogelea akanong'ona, "Jumatatu uji uanze mapema."

Nikabaki nimesimama, dasta mkononi. Mercy alikuwa analia bila sauti, nikachuchumaa karibu naye nikamwambia, "Hukukosea, mpenzi. Ilikuwa kizungu kizuri sana. Kosa ni la ticha."

"Atanichapa?"

Nikamfuta machozi na sketi yangu. Gredi ya tatu nilikuwa nimeshaiaga moyoni, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto amefungua mdomo mara ya kwanza na mimi ndiye nimemfanya ajute.

Nyinyi mnadhani yaliishia hapo. Mlango ukafunguliwa kwa teke na Mama Mercy akaingia na sufuria inayotoa mvuke, mikono ameifunga na leso, akaitua juu ya dawati langu. Madondo.

"Nani alisema chapo yangu inakulwa kavu kama biskuti?" akauliza. "Wabeba makaa wanataka chapo inaweza kusimama ndani ya mchuzi. Hizo zenu laini zinazama." Akararua kipande, akakitumbukiza, akakiacha kinywe mchuzi. "Mercy, kuja. Onja. Sema tena."

Mercy akala, mchuzi ukimtiririka kidevuni, akafikiria (huyo mtoto hadanganyi, hilo mshajua). "Now it is softer than Ticha's chapati," akasema. Akamwangalia Mama Hawa, akamwangalia mama yake. "And it is the sweetest."

"Haya, nimeshindwa," Mama Hawa akasema, akileta sahani. "Nipakulie."

Mama Mercy akamgeukia Madam. "Huyu mtoto nikimwambia nyumbani aniombe hata maji na kizungu, ananyamaza. Leo amenitukana mbele ya mchungaji, na hakukosea hata neno moja. Huyo mtu wa chuo mnamtafuta wa nini?" Kisha akanigeukia mimi, mwiko mkononi. "Na wewe Ticha! Siku utanilinganisha na mtu tena, nitakupika."

Nikasema ndiyo Mama, asante Mama, nikasema asante mpaka akanikataza. Na nasema asante mpaka leo, kwa sababu angeweza kwenda nyumbani tu, na angekuwa na haki. Nikipita kwa kibanda chake ananipakulia bila kuniuliza, na anawaambia wateja, "Huyu ndiye alisema chapo zangu ni mawe," nao wananipisha kwenye benchi kama mgeni wa heshima.

Kwa hivyo chukueni hili kwangu: chapati za akina mama zimwagwe zote kwenye beseni, zichanganywe, na mdomo ufungwe. Mimi sasa nalinganisha vijiti na mawe, na hata mawe nahakikisha kwanza si ya mtu.

Jioni ile walipoondoka wote, niliingia gredi ya tatu. Nyuma ya mlango kuna msumari ambao mwalimu wa darasa hutundikia vitu vyake. Nikavua sweta, nikaitundika hapo, nikaiacha, nikatembea na baridi mpaka Gatina.