Maji Ambayo Kelestini Hakuyamimina

Watu wanaosema kwamba Kelestini alimwacha kaka yake afe bila ubatizo wanasema kweli. Nyumbani kwetu jambo hilo halijawahi kufichwa. Lakini wanaolisimulia huko Kibaoni huishia hapo, kana kwamba ndiyo habari yote, na watoto wa ukoo huu hurudi nalo nyumbani kama aibu. Kelestini alikuwa baba wa marehemu mume wangu. Yeye mwenyewe alisema machache. Mengi niliyapata kwa Balbina, mke wa huyo kaka, aliyekuwepo siku zote hizo na ambaye hakuwa mtu wa kupamba maneno.

Walizaliwa wawili kwa mama mmoja, Matimbwa mkubwa na Kelestini mdogo, Wandamba wa bondeni, watu wa mpunga na samaki. Kelestini alipokuwa kijana aliwabebea wamisionari mizigo hadi milima ya Mahenge, akabaki huko. Akajifunza kusoma, akabatizwa, akawa mwalimu wa dini. Matimbwa alibaki na shamba na nyavu, akaoa, akapata wana wawili.

Mwaka 1905 hongo alifika kijijini kwao. Hongo ndilo jina la watu waliokuwa wakigawa dawa ya vita. Huyu alikuwa amening'iniza kibuyu kidogo shingoni kwa kamba. Aliwanyunyizia watu maji yake na kuwaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wana wa Matimbwa walinyunyiziwa uani kwa baba yao, wakicheka kwa kuwa maji yalikuwa ya baridi. Wakaenda na wenzao kulishambulia boma la Mahenge, ambako bunduki kubwa, ile watu waliyoiita bombomu, ilikuwa inawangoja. Hakurudi hata mmoja. Baadaye askari walipita bondeni wakichoma nyumba na maghala. Matimbwa, mkewe na jamaa wengine wakavuka mto na kujificha kwenye kichuguu cha nchi kavu katikati ya matete, mahali ambapo mtumbwi haufiki ila kwa mtu anayezijua njia za maji.

Kelestini alizijua. Alikulia humo.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, padre wa misheni aliuliza baada ya Misa nani ataenda kwa watu waliojificha, kuwapelekea neno la Mungu na kuwaambia kwamba wakitoka, misheni itawapokea. Walimu wakatazama chini. Vita vilikuwa bado havijapoa, na mtu wa misheni aliyeonekana mateteni alihesabiwa kuwa mpelelezi wa serikali. Kelestini alisema ataenda. Padre akampa mwenzake, Tadei, mwalimu mzee kidogo, mcheshi, mtu wa milimani aliyeuogopa mtumbwi kuliko mkuki.

Walipofika, Matimbwa alikuwa amesimama ukingoni na mkuki.

"Umenenepa," alisema. "Kwa Mdachi chakula kipo."

"Shikamoo, kaka."

"Umekuja kutuhesabu, ili wajue kamba za kunyongea ziwe ngapi?"

"Nimekuja kukaa na ninyi."

"Na huyu anayetetemeka?"

"Ni Tadei. Haogopi watu, anaogopa mamba."

"Mamba hamli mtu mwenye mifupa hivyo," alisema Balbina kutoka nyuma, na mtu mmoja akacheka. Wakaruhusiwa kushuka.

Hapo ndipo kosa lilipotokea. Tadei alikuwa na chupa ndogo ya maji ya kubatizia, na kwa kuwa alihofia isivunjike mtumbwini, alikuwa ameifunga kamba na kuivaa shingoni. Aliposimama nchi kavu chupa ikaonekana kifuani pake. Wanawake wakarudi nyuma. Matimbwa aliinua mkuki.

"Vua hiyo."

"Haya ni maji ya baraka, mzee wangu," alisema Tadei. "Hayana madhara."

"Hata yule alisema hivyo."

Kelestini alielewa kabla ya mwenzake. Aliivua chupa shingoni mwa Tadei, akaiweka mtumbwini, akarudi mikono mitupu. Kisha akasema mbele ya wote kwamba hakuna maji yatakayomgusa mtu yeyote mahali pale kama mtu huyo hajayaomba kwa kinywa chake mwenyewe. Balbina aliniambia kwamba kama asingeyasema maneno hayo, wageni wale wangekuwa maiti kabla ya jua kuzama.

Tadei alivushwa na mmoja wa wavuvi kwa mtumbwi mwingine, akarudi misheni kupeleka habari. Kelestini akabaki. Alisuka migono, akatega kambale, akachimba mizizi ya mayungiyungi pamoja na wanawake, kwa maana hakukuwa na nafaka. Jioni, baada ya kula kidogo kilichopatikana, aliwaeleza habari za Mungu. Wengine walisikiliza, wengine walimtania.

"Mungu wako anajua kutega samaki?"

"Marafiki zake wengi walikuwa wavuvi."

"Basi walikuwa na akili kuliko wewe. Mgono wako umeufunga kinyume."

Matimbwa alikuwa akikaa amewapa mgongo, akichonga kasia. Hakuondoka, lakini hakugeuka. Mara moja tu aliuliza swali, naye aliliuliza bila kugeuza kichwa: wanawe wako wapi sasa. Kelestini akamjibu kwamba Mungu anawajua vijana waliodanganywa, na kwamba zaidi ya hapo hawezi kusema. Matimbwa akaendelea kuchonga.

Mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika, Matimbwa alishikwa na homa, kisha tumbo la kuhara. Kila mtu alijua kwamba mto ukifurika kichuguu kile kitafunikwa, na kwamba lazima watoke. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kutoka kama Matimbwa hajaamua, na Matimbwa hakuweza kusimama. Kelestini alikaa karibu naye, akamnywesha, akamsafisha kama mtoto. Siku moja mgonjwa alipokuwa na akili timamu, alimuuliza.

"Kaka, nikubatize?"

Matimbwa alifikiri. "Bado," alisema.

Hakusema neno lingine la maana tangu hapo. Homa ilipanda, akawa anaita majina ya wanawe na kuzungumza na nyavu. Wakati huo Tadei akavushwa tena, amebeba chumvi na agizo la padre: asife mgonjwa yeyote bila ubatizo. Alichungulia ndani ya kibanda, akamvuta Kelestini pembeni. Balbina alikuwa akichochea moto hatua chache kutoka hapo, akasikia yote.

"Chupa iko wapi?"

"Mtumbwini."

"Basi mimina, mwenzangu. Hatajua."

"Ndiyo maana simimini."

"Alisema nini ulipomuuliza?"

"Bado."

"Bado si hapana."

"Wala si ndiyo."

Tadei alikasirika. Alimwambia kwamba roho ya kaka yake inapotea mbele ya macho yake kwa sababu ya kiburi, na kwamba ahadi waliyopewa watu wa mateteni haiwezi kushinda ahadi aliyompa Mungu. Alisema atakwenda kuichukua chupa mwenyewe. Kelestini akasimama njiani. Hakumgusa. Alisema, "Tadei, hongo aliwanyunyizia watoto wa mtu huyu wakiwa wanacheka. Mimi siwezi kummwagia baba yao akiwa hajitambui. Mungu kama anamtaka, anajua kilipo kibanda hiki." Kisha akapiga magoti pale pale kwenye tope, akasali kwa sauti, na Tadei baada ya kusimama kidogo akapiga magoti pia, huku akinung'unika.

Matimbwa alikufa asubuhi iliyofuata. Walimzika upande wa juu wa kichuguu, mbali na maji, Kelestini akichimba na Tadei akisaidia. Tadei hakutia neno la lawama kaburini, na kwa hilo ukoo wetu unamheshimu, ingawa alipofika misheni alitoa taarifa, kama alivyopaswa. Kelestini naye alieleza kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Alisimamishwa kufundisha kwa muda mrefu, akalima mpunga kama watu wengine, na kijana mwenye mdomo mrefu angeweza kumwita mwalimu aliyeshindwa na kaka yake. Ualimu alirudishiwa baadaye, na wengi waliozaliwa upande huu wa mto walifundishwa sala na yeye.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ya mazishi, mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na watu walisimama wamejikunyata, hawajui waende wapi. Balbina alimwendea shemeji yake, akamwuliza mbele ya wote.

"Mume wangu yuko wapi sasa?"

"Sijui, shemeji," alisema Kelestini. Alikuwa analia. "Nimemwomba Mungu ampokee. Nitaendelea kumwomba mpaka nife. Lakini sijui."

Balbina alinisimulia kwamba alimtazama mikono. Mikononi mwa Kelestini mlikuwa na tope la kaburi tu. Yule hongo, alisema, alikuwa anajua kila kitu. Alijua risasi zitafanya nini na wafu wako wapi na nani atarudi.

Akaingia kibandani, akakunja mkeka wake, akaokota chungu na lile kasia ambalo mumewe alikuwa hajamaliza kulichonga. Akashuka hadi kwenye mtumbwi na kukaa mbele. Chupa ya Tadei ilikuwa pale sakafuni. Aliisogeza kwa mguu ili apate nafasi, kisha, alipoona itavunjika, akaiokota na kuishika mapajani.

"Sijaomba," alimwambia Kelestini. "Naishika tu."

"Nimesikia, shemeji."

Wengine wakaanza kushuka na vyombo vyao.