Sahani Moja, Picha Tisa

Kazi ya mke wangu Spéciose ni kuwaambia watu wale nini. Kila siku saa sita na nusu mchana anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la vijana mia mbili wa mtaa wa Rwezamenyo: tia mchicha wa dodo kwenye maharage, dagaa usiwadharau, chai usiinywe pamoja na chakula. Nao wanamrudishia picha za sahani zao. Sahani ikiwa nzuri, anaisifu mbele ya wote. Mimi ni motari, nabeba abiria kwa pikipiki, na sina subira na mtu anayepiga picha chakula mpaka kinapoa, na nilimwambia hivyo. Akaninunia siku mbili.

Jumanne moja nilipita nyumbani nikamkuta amesimama mlangoni, uso umemsawijika.

"Valens, angalia."

Picha tisa, za mafundi tisa wa cherehani wanaoshonea katika chumba kimoja. Sahani ya bati ya bluu, iliyobanduka rangi ukingoni. Dodo ileile, nusu ileile ya parachichi.

"Ni sahani moja," akasema. "Wiki tatu nawasifu!"

Mmoja wao ni Yasmina, miaka ishirini na moja, mimba ya miezi sita. Kliniki walikuwa wamemwonya kwamba damu yake ni kidogo mno. Spéciose akampigia. Kimya. Akapiga tena, akapokea mwenzake, Aidah.

"Dada, Yasmina ameanguka kwa mashine! Haongei! Tunamubeba kwa kituo cha afya, njoo mbio!"

Nikamtupia kofia ya abiria. Njia nzima alinikaba kiunoni, akirudia kumwita Mungu wake, "Mana yanjye, Mana yanjye." Kwenye taa nyekundu zote nilisimama, na zote nikazilaani.

Tulimkuta kitandani, macho wazi, mkononi ametundikiwa maji. Muuguzi alikuwa ameinama juu ya tumbo lake, anasikiliza. Akahamisha kifaa kushoto. Akakirudisha kulia. Mimi ninayejifanya mgumu, nilishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Iko," akasema mwishowe. "Moyo iko unapiga. Lakini huyu mama anapashwa kula. Leo, si kesho."

Spéciose akapandwa na hasira, nadhani kwa sababu ya woga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nini, dada?" Sauti ya Yasmina ilikuwa ndogo. "Kwetu nani anasema iko na njaa? Aidah alileta chakula, tukapiga picha wote, kisha kila mtu kijiko mbili. Wewe unasifu mbele ya watu mia mbili. Sahani tupu nitaituma namna gani?"

Spéciose akaketi ukingoni mwa kitanda. Mimi niliona aibu, kwa kuwa nilijua jambo ambalo kundi halikulijua. Tangu vitu vipande bei, mke wangu mchana anakunywa chai na andazi moja ili chakula kiwatoshe watoto. Nilimwona. Sikuwahi kumuuliza.

Akatoa simu, akaandika: "Ni mimi Spéciose, ninayewaandikia mle nini. Leo mchana sikula. Jana pia sikula. Nani mwingine?"

Kidole kikabaki hewani.

"Tuma," nikasema.

Akatuma. Dakika nzima hakuna aliyejibu, nikaanza kujuta. Ndipo Yasmina akavuta simu yake chini ya mto, akaandika kwa mkono usio na sindano. Neno moja: "Mimi."

Kabla ile chupa ya maji haijaisha, walioandika "Mimi" walikuwa wamefika sitini na watatu.