Udongo Mweusi wa Changamwe

Dada yangu aliposhika mimba ya tatu, mimi ndiye niliyejipa kazi ya kuogopa. Mbili za mwanzo ziliharibika, ya kwanza kwa miezi minne, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza tumboni.  Yeye alizikunja zile nguo ndogo alizokwisha kuzishona, akazifunga kwenye mfuko, akauweka juu ya kabati, akarudi kwenye cherehani yake. Umri wake ulikuwa unakaribia arubaini. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani huonekana mara moja au mbili kwa mwezi, kwa hiyo mle nyumbani Magogoni tulikuwa wawili: yeye chumba cha mbele, mimi chumba cha uani alichonipa baada ya kuchoka kunisikia niko Likoni leo na kesho niko Mariakani.

Hofu yangu ilikuwa ya chakula, na ilikuwa na asili yake. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijafanya kazi moja zaidi ya mwaka. Nilipata kunyunyiza dawa kwenye shamba la nyanya huko Taveta. Tulikuwa tukipiga dawa leo, kesho tunachuma, kwa sababu lori la Mombasa halingoji. Juu ya kopo palikuwa na picha ya fuvu na maandishi madogo madogo. Mimi husoma kila kitu, hata karatasi iliyofungiwa karanga, basi nikayasoma kwa sauti: yalisema tungoje wiki nzima kabla ya kuchuma. Mwenye shamba akaniuliza, "Nimekuajiri kusoma?"

Baadaye nikawa mchukuzi soko la Kongowea, nikavuta mkokoteni uliojaa nyanya za aina ileile, bado zina vumbi jeupe la dawa kwenye vikonyo. Niliona ndizi mbichi zikifungiwa chumbani na kabaiti, ile dawa ya kuivishia kwa haraka, zikitoka siku ya pili zina rangi ya njano nzuri ya kudanganya. Niliona mahindi yaliyoota kuvu yakianikwa, yakipepetwa, halafu yakichanganywa na mazuri. Anayenunua huona upande wa mbele wa chakula. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa nyuma.

Kwa hiyo mimba ilipofika miezi mitatu nikaanza kukataza. Nyanya za sokoni, hapana. Ndizi, hapana. Mchicha wa kando ya mtaro wa maji machafu, hapana kabisa. Sufuria zake za kusubu, zile zinazoyeyushwa kutokana na vyuma vya kila aina, nikazitoa jikoni nikamletea chungu.

"Basi nile nini, mdogo wangu?" aliniuliza, pini ziko mdomoni. "Nile hewa?"

"Hewa ya hapa nayo ina moshi wa tuktuk."

"Wallahi wewe, ukioa mkeo atakufa njaa."

Alicheka, lakini alinisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alinisikiliza. Alikuwa anamtaka yule mtoto kiasi kwamba angemsikiliza yeyote aliyesema anajua njia.

Kwenye redio nilikuwa nimesikia habari za kilimo hai, kilimo kisicho na dawa wala mbolea ya chumvichumvi. Nikaamua kumlimia mwenyewe, uani, ndani ya magunia. Unasimamisha gunia, unalijaza udongo, katikati unapanga mawe ya kupitishia maji, ubavuni unatoboa matundu ya kupandia. Mbegu nilizipata kwa mama mmoja wa Kongowea: mchicha, mnavu, kunde. Samadi ya mbuzi niliokota mtaani. Kilichokosekana ni udongo. Magogoni kuna mchanga, na chini ya mchanga kuna jiwe. Mtu wa pwani akitaka kulima kitu chenye majani mapana huota udongo mweusi kama mwingine anavyoota nyumba ya ghorofa.

Nami nilijua ulipo. Miaka michache kabla nilikuwa mlinzi wa ghala moja Changamwe, na nyuma ya ghala palikuwa na kiwanja kitupu, ukuta umebomoka nusu. Pembeni mwa kiwanja hicho palikuwa na lundo la udongo mweusi tii, laini, unaoshikamana mkononi. Wakati ule nilikuwa nikiutazama nikisikitika kwamba haulimwi. Sikujiuliza kwa nini udongo mzuri vile haukuota hata magugu.

Nilichota magunia sita. Lori lililokuwa likienda Kongowea kupakia lilinibebea, na kutoka Kongowea nikasukuma mkokoteni mpaka nyumbani. Dada alitoka kuuangalia, akaingiza mkono, akaufinya.

"Mweusi kweli," alisema. "Kama wa bara."

Mboga zilitoka. Mchicha haukustawi kama nilivyotaka, ulikuwa mfupi, kingo za majani zina rangi ya kahawia, nikasema ni jua, nikaongeza maji. Dada alikuwa akila karibu kila siku. Tumbo likapita pale ilipofikia mimba ya kwanza, halafu likapita pale ilipofikia ya pili. Siku lilipopita hapo akaushusha ule mfuko wa nguo kutoka kabatini, akazifua. Nilimwona akizianika, nikaenda kuyamwagilia maji magunia yangu kama mtu anayemshukuru mnyama wake.

Mwezi wa sita wa mimba nilirudi Changamwe kuchota magunia mengine mawili. Nilikuwa nimeinama na koleo wakati mzee mmoja anayenunua vyuma chakavu alipopita na rukwama lake. Akasimama.

"Jamaa, unamzika nani hapo?"

"Nachota udongo wa mboga, mzee."

"Mboga!" Aliliweka chini rukwama ili acheke vizuri. "Za kumlisha nani, adui yako?"

Nami nilicheka. Kisha nikaona yeye ameacha kucheka.

"Wewe hujui hapa palikuwa nini," alisema.

Akanieleza. Kwa miaka mingi bwana mmoja alikuwa akivunja betri za magari pale pale niliposimama. Alimwaga asidi ardhini, akachoma maganda, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani akatengeneza chubwi za kuzamishia mishipi, akawauzia wavuvi. Weusi ule ulikuwa masizi na majivu ya betri.

"Kuku wake walikuwa wakizunguka kama walevi, halafu chali. Mbuzi wa jirani, chali. Mwenyewe aliondoka hapa kikombe cha chai hawezi kukishika. Mwanangu, hata mimi sikanyagi hapo pekupeku."

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa na ndara.

Koleo nililiacha palepale. Njiani nilisoma kwenye simu kila nilichoweza kukipata, na kila nilichosoma kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Kwamba mwili huipokea risasi ukidhani ni chokaa ya kujengea mifupa, ukaiweka akiba. Kwamba mwanamke akishika mimba mifupa hufunguliwa ili mtoto apate chokaa yake, na ile sumu hutoka nayo. Kwamba huenda kwenye ubongo. Kwamba mimba inaweza kuharibika. Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi, nikitafuta kama kuna neno nililoliruka.

Nilishuka kituo kimoja kabla ya chetu ili nichelewe kufika. Nilikuwa nikijiambia kwamba labda nisiseme. Nitang'oa magunia, nitasema yameingia wadudu, nitamnunulia maziwa, na hatajua. Nilifika mpaka mlangoni nikiwa bado na wazo hilo.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, sahani mbele yake, ugali na mchicha.

"Karibu. Leo nimeutia nazi."

"Usile, dada."

Tonge lilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Akatabasamu. "Ehe, leo hata za kwako zina sumu?"

"Ndiyo," nikasema.

Alinitazama mpaka akaona kwamba sitanii. Akalirudisha tonge sahanini, taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kukaa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tangu gunia la kwanza?" Nikaitikia. Akahesabu majuma kwa vidole, mkono mwingine juu ya tumbo.

"Nawe uliniambia nisile nyanya," alisema.

Kesho yake tulikwenda zahanati. Muuguzi alituandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kisiwani, na huko daktari, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akamtoa damu akasema kipimo hicho hakifanyiki Mombasa. Damu itapelekwa Nairobi. Tungoje.

Tulingoja siku kumi. Dada aliacha kula. Hakususa, aliogopa tu, na hofu ile nilimfundisha mimi. Akiona wali, anafikiria maji ya kupikia. Akiona dagaa, anafikiria chubwi za wavuvi. Alikunywa chai ya rangi na mkate, na hata mkate aliunusa kwanza. Kila asubuhi niliposikia mlango wa choo ukifunguliwa nilisimama uani nikisikiliza kama ataniita, kama imetokea tena. Hakuniita. Saa ya chakula aliniwekea sahani yangu kama kawaida, yeye akakaa pembeni akinitazama nikila. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Siku ya kumi daktari alituita. Risasi ilikuwemo. Ilikuwa juu ya kiwango wanachokitaka kwa mama mjamzito, lakini si kwa kiasi cha kutibiwa kwa dawa. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga vizuri. Halafu akamtazama dada usoni, akavaa miwani, akamtazama tena.

"Umekonda. Unakula nini?"

"Chai, daktari."

"Chai!" Akanigeukia mimi, sijui alijuaje. "Bwana, ile sumu mmeshaiacha. Sasa itakayomdhuru mtoto huyu ni njaa." Akaeleza kwamba mwili wenye chokaa na madini ya chuma ya kutosha huinyima risasi nafasi. Ale maziwa, dagaa, kunde, maharage, mayai, machungwa, na mboga za majani kila siku.

"Mboga za wapi?" nikauliza.

"Za sokoni. Mzioshe kwa maji mengi."

"Lakini daktari, mimi nimefanya kazi huko, najua yaliyomo..."

"Mdogo wangu," dada akasema, "nyamaza."

Siku hiyohiyo akanipitisha Kongowea. Alitembea mbele na tumbo lake, mimi nyuma na kikapu, kati ya mikokoteni niliyokuwa nikiivuta. Alinunua mnavu, nyanya, dagaa, machungwa. Hakuuliza vimetoka wapi. Mimi nilijiuma ulimi. Nyumbani aliosha kila jani, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akapika, akakaa, akala, machozi yakimtoka na mdomo ukitafuna.

Yale magunia sita yalinisumbua nisijue pa kuyapeleka. Jalalani kuna mbuzi na watu wanaookota. Kwenye mashimo ya machimbo kuna maji, na maji yana samaki. Baharini siwezi hata kufikiria. Mwisho niliyafunga ndani ya nailoni mbili mbili nikayarudisha kule Changamwe, nikayafukia kwa kifusi, na kwenye ukuta nikaandika kwa rangi nyekundu: UDONGO HUU NI SUMU. Nilipomaliza nilisimama nikiwaza wale wasiojua kusoma. Sehemu ya uani pale magunia yalipokuwa nilichimba, nikamimina zege.

Mtoto alizaliwa miezi imetimia, msichana, akalia kwa nguvu. Watu walikuja kupongeza na mimi niliwapokea, lakini jicho langu lilikuwa kwake. Nilihesabu anavyogeuza macho, nilipiga makofi nione kama atashtuka. Nilimuuliza daktari tutajua lini kama ubongo umeguswa. Akasema huenda haukuguswa kabisa, na kama umeguswa kidogo, itaonekana akianza kusema, au akienda shule, au haitaonekana kamwe. Alikusudia kunifariji. Mimi nilisikia miaka.

Miezi sita ikatimia, ikafika siku ya kumwonjesha chakula. Dada alikuwa amenunua boga, amelichemsha na kuliponda laini ndani ya bakuli. Nilipoingia alikuwa amempakata.

"Boga la wapi?" nikauliza. Lilinitoka kabla sijalizuia.

"La Kongowea."

"Kongowea lilitoka wapi?"

"Sikuuliza." Akanyoosha mkono, akanipa kijiko. "Haya, mjomba. Mlishe."

"Mimi? Dada, mlishe mwenyewe."

"Wewe. Unataka kuogopa, ogopa. Lakini mlishe."

Nilichota kiasi cha ncha ya kidole. Nikalionja kwanza mimi, nikalishikilia ulimini, kana kwamba ulimi wangu una cha kuniambia. Lilikuwa tamu, na utamu haukuniambia kitu. Mtoto alikuwa ameshaona kijiko, anarusha miguu, kinywa wazi. Nikakipeleka. Akakunja uso, akalisukuma nje kwa ulimi, dada akalikomba kidevuni akalirudisha, naye akalimeza. Nililiona likipita kooni.

Kisha akafungua kinywa tena, akingoja, na dada akanitazama, nami nikachota kijiko cha pili.