Linux Yangu na Ndege wa Chimala

Nasema bila haya: pale sokoni Mwanjelwa hakuna aliyechagua kompyuta kwa akili kunishinda mimi.

Nilirudi Mbeya kutoka Afrika Kusini na diploma ya usanifu wa michoro, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha magari. Dada yangu, muuza vitenge na vikoi, alinipa kona dukani kwake akisubiri kuona kompyuta ya Mac. Kwake, aliyetoka nje anashika Mac, basi. Nilizitumia chuoni, ni nzuri, rangi zake hazidanganyi. Lakini hela yangu ingeishia hapo, nikose printa. Nikanunua kompyuta ya kawaida ya mezani, nikaweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na programu za bure za kuchorea.

"Umevuka mipaka mitatu urudi na kitu cha bure?" dada akanisema mbele ya wateja. "Si ungekiokota hapa hapa sokoni?"

Wateja wakacheka. Dada akanipa hadi Idi: nisipopata kazi ya maana, kona inarudi kwa vitenge.

Wiki moja kabla ya Idi akaingia mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga Chimala. Flashi yake ilining'inia kwenye funguo za pikipiki, na ilishachomekwa kwenye stesheneri za mjini. Ndani yake kulikuwa na nembo ya mifuko yake ya mchele, ndege aliyechorwa na binti yake kabla hajaolewa mbali. Nakala nyingine hakuna.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Stesheneri tatu zimeniambia ndege amekufa, flashi ifomatiwe tu, ifutwe yote. Na wewe utasema hivyo hivyo?"

"Usithubutu kufomati, mzee wangu. Hebu lete."

Kwenye kompyuta za stesheneri hizo virusi vilikuwa vimeficha kila faili. Wao wakiona patupu, wanafuta. Linux haijali maficho hayo. Nilipoichomeka, likatokea folda lisilo na jina. Dada aliacha kupima kitambaa. Nikalibofya.

"Huyo! Ndege wangu huyo!" Mzee aliigonga meza hadi kipanya kikaruka. "Mguu mmoja juu, kama alivyomchora mwanangu!"

Nilimchora upya, mistari safi isiyopasuka hata ukimkuza kama nyumba, kwa mifuko ya saizi tatu. Mzee alipoona saizi ya kwanza, akanipa na kazi ya kuchora kibao cha mashine yake, na vikoi vya wafanyakazi wake akavinunua kwa dada.

Idi ilipita, kona ikabaki yangu. Kisha dada mwenyewe akasogeza marobota yake, akasema meza yangu ni ndogo mno kwa fundi.

Siku hizi ndiye anayewaita wapita njia: "Leteni flashi hapa! Mdogo wangu kaja na mashine ya Afrika Kusini!"

Niliinunua hapa hapa Mwanjelwa. Lakini simkatizi.