Mkono wa Muhonja, Namba ya Lorine

Shamba letu la mkonge karibu na Voi lina sheria moja: ukikosa kazi siku tatu, namba yako anapewa mwingine. Ndiyo maana Lorine alipokwenda Siaya kumzika mamake, jirani yake Muhonja alimshikia namba, akafanya kazi kwa jina lake. Sote tulishikiana hivyo. Karani alijua, maana kuku wake wa Krismasi hawakushuka kutoka mbinguni.

Siku ya pili, mashine ya kukamua majani ilimla Muhonja mkono wa kulia hadi kiwiko.

Ripoti ikasema aliyeumia ni Lorine. Aliporudi kutoka matangani, meneja akamwona na mikono yake yote miwili, akafurahi mpaka nikamwonea aibu. Hakuna aliyekatika, alisema. Na Muhonja? Huyo hakumjua. Labda mkono wake uliota miguu ukaingia kiwandani peke yake.

Miaka miwili Muhonja alihangaika kwa afisa wa kazi. Nyumbani alijifunza kukanda unga wa mandazi kwa mkono wa kushoto, karai amelibana kwa magoti, akilitukana. Wateja walifuata mandazi na matusi pia. Huruma hakuitaka, alitaka iandikwe kwamba mkono ule ulikuwa wake.

Lakini Lorine alikuwa na watoto wanne na kazi ile tu, hivyo alinyamaza. Nilimwita mwoga. Mimi, niliyesimama hatua mbili kutoka kwa mashine siku ile, na sikusema kitu.

Siku ya kusikilizwa kesi, meneja alikuja na tai na daftari la mahudhurio.

"Lorine alikuwa kazini. Mwangalieni, ni mzima."

Afisa akamgeukia Lorine. "Mama, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Lorine akasimama. "Siaya. Nikimzika mamangu. Kwa mashine alikuwa Muhonja."

Meneja akaruka. "Kumbe uliweka mtu mwingine kwa mashine yangu! Umefutwa kazi, leo hii!"

"Rudia polepole, bwana," afisa alisema, kalamu mkononi. "Niandike."

Hasira hasara. Meneja alifunga mdomo, amechelewa.

Muhonja alishinda, Lorine hakurudi kazini. Nje walishikana wakalia, wakapanga kukanda unga pamoja kuanzia kesho. Nami nikajipendekeza kwa kicheko: "Si tulisema haki itapatikana?"

Muhonja akajifuta macho. "Tulisema? Wewe na nani?"