Elfu ya Ngapi

Mimi si mtu wa kuona mashetani, na ninalisema mapema ili asije mtu akaniambia nimepagawa. Nimekaa na shangazi yangu miaka kumi na mmoja, nikikata vitambaa naye akishona. Ninachosimulia nimekisikia kwa masikio haya haya mawili.

Shangazi ni fundi cherehani, lakini wanamuziki wanamjua kwa kazi nyingine. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Hiyo ndiyo inayousikia uzi ukitikisika na kupeleka sauti kwenye spika. Shangazi alizungusha nyaya hizo kwa cherehani yake. Pikapu moja ni mizunguko elfu tisa, na ukikosea hesabu umeharibu. Watu walicheka, mwanamke wa magauni na magitaa wapi na wapi. Walicheka, na walirudi kupanga foleni.

Hesabu aligawana na mumewe, mpiga besi. Shangazi alihesabu mpaka elfu, kisha akaita, "Elfu!" Mumewe, kwenye kiti chake nyuma yake, alipiga uzi wa tano wa besi, ule mnene kuliko wote, mara moja. Elfu ya pili, mara mbili. Shangazi hakujisumbua kuzikumbuka, maelfu yalikuwa ya mumewe. Siku moja nikamwambia, shangazi, si muandike kwenye karatasi? Akanijibu kwamba mume na mke wanaoandikiana hawana ndoa, wana mkataba.

Besi ya mumewe ilikuwa na pikapu moja, karibu na shingo, na chini yake shimo tupu lililochongwa kungoja ya pili. Hiyo ya pili ndiyo waliyokuwa wakiizungusha asubuhi ile. Shangazi akaita, "Elfu!" Hakusikia kitu. Akaita tena kwa hasira kidogo, akidhani mtu kasinzia. Alipogeuka, mumewe alikuwa amekaa vilevile, besi mapajani, kidole juu ya uzi wa tano, macho wazi. Moyo ulikuwa umesimama. Tangu hapo pikapu ile ilibaki kwenye cherehani, imefunikwa kitambaa, nguo tukashona kwa cherehani nyingine. Ilikuwa imefika elfu ya ngapi, hakuna aliyejua.

Miaka miwili ikapita. Binamu yangu, mwanawe wa pekee, akarithi besi na nafasi ya baba yake kwenye bendi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Pikapu iliyo peke yake huvuma. Ukichomeka tu, spika inatoa mvumo mdogo, na hilo ni la kawaida. Lakini mvumo wa besi ile ulikuwa na pumzi ndani. Ulivuta, ukatulia, ukatoa. Nilidhani ni mimi tu, mpaka nilipomkuta shangazi mchana kweupe amevuta kigoda mbele ya spika, anashona vifungo huku akiisimulia habari za wateja. Nywele zilinisimama. Yeye wala! Alikuwa na raha ambayo sijaiona usoni mwake tangu msiba.

Kiongozi wa bendi hakuwa na habari hizo. Alimwambia binamu kwamba mvumo unawaharibia kazi studio: Jumatatu aje na besi iliyotulia, au asije kabisa. Binamu akaona njia mbili. Anunue pikapu ya dukani, zile pacha zisizovuma hata kidogo. Au tumalizie ile ya baba yake. Hiyo ilianza kuzungushwa kinyume na ya kwanza, kwa hiyo zikifunguliwa zote mbili kwa nguvu sawa, mvumo wa moja unaua mvumo wa nyingine. Mimi, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikataja ya tatu: ibaki moja kama ilivyo, na yeye atafute kazi nyingine. Shangazi alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba njia zote mbili za mwanawe zinamnyamazisha mumewe.

Ijumaa akaifunua cherehani.

"Ya dukani haiingii kwenye mbao ya baba yako," akamwambia mwanawe. "Kama ni kunyamaza, atanyamazishwa na mkono wangu."

Binamu akasema tukisie, tuseme ilifika elfu tano. Shangazi alimtazama mpaka akainamisha kichwa. Akamwagiza achomeke besi, aiegemeze kwenye kiti cha baba yake, na mtu asiiguse. Kisha akakaa, akatupa mgongo, akaita kama zamani, "Elfu!"

Uzi wa tano ukalia. Niliuona ukitikisika, Mungu ni shahidi. Ulilia mara sita, polepole, ukatulia. Binamu alishika ukuta. Mimi nilijikojolea kidogo, na anayetaka kucheka acheke. Shangazi alifuta macho kwa mkono wa gauni, akaanza kuzungusha. Kila alipoita alijibiwa: saba, nane, tisa.

Jumapili pikapu ikafungwa mahali pake, vitufe viwili vya sauti vikazungushwa mpaka mwisho. Mvumo ukafa wote. Shangazi akasikiliza, akasema tu kwamba hesabu ilikuwa sawa, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Niliyelia ni mimi.

Asubuhi binamu akiwa mlangoni, mama yake akamzuia. Akaomba besi ichomekwe na kitufe kimoja kishushwe kidogo, amsalimie tu. Ukishusha kimoja, mvumo unarudi. Ukarudi, na pumzi ilikuwamo. Halafu uzi wa tano ukalia, mara moja.

"Kaanza nyingine," shangazi akasema, akitabasamu.

Nikauliza nyingine ipi, mbona kwenye cherehani hakuna kitu?

Jumatatu iliyofuata ulilia mara mbili. Iliyofuata, tatu. Binamu amebaki na nafasi yake kwenye bendi na anaona ni salamu tu za baba. Nimemsihi asiiache besi karibu na mama yake, anasema hawezi kumnyima. Jumatatu hii ulilia mara nane, imebaki moja. Shangazi amemaliza nguo zote za wateja, zake amezifua na kuzikunja, na amenionyesha anapoweka mafuta ya cherehani.

Jana niliukata uzi wa tano kwa koleo. Naogopa, nifanye nini? Shangazi hakunigombeza. Alifungua droo, akatoa uzi mpya, akaufunga mwenyewe. Kisha akanikalisha kwenye cherehani, akaanza kunifundisha kuhesabu.